Baiskeli ya Kike Iliyotiwa Bomba la Kiume

Salvina aliisikia baiskeli yake kabla hajaiona, na alipoisikia tu, moyo ukamwambia Primus keshaifanyia kitu. Baiskeli ile ilikuwa na mlio wake, mlio mdogo wa cheni iliyoshiba mafuta. Siku ile ilikuja kihambani, shambani kwao penye migomba, ikilia kongo, kongo, kongo, kila inapokanyaga mzizi. Akaacha kumenya ndizi, akatoka mlangoni na kisu mkononi.

"Mama Filemon!" mumewe akamwita kutoka kwenye kijia cha migomba, meno yote nje. "Njoo uione baiskeli sasa! Njoo!"

Akaiona. Jamani! Mtu anaondoka asubuhi na baiskeli ya mke wake kupeleka gunia la kahawa kwenye ghala la chama, anarudi jioni na kitu kingine kabisa. Kutoka chini ya usukani mpaka chini ya kiti palikuwa na bomba jipya la chuma, limenyooka, nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, limechomelewa huku na huku, na rangi nyeusi aliyoipaka fundi haijakauka hata.

"Nini hiki?"

"Bomba!"

"Naliona ni bomba, Baba Filemon. Linafanya nini kwenye baiskeli yangu?"

"Linaishikilia," Primus akasema, akalipiga kofi la mapenzi, akapakaa rangi kiganjani. "Sasa ndiyo imekuwa baiskeli kamili. Zamani ilikuwa kilema, tulikuwa tunaivumilia tu."

Kilema! Baiskeli ile ilikuwa kamili tangu ilipotoka kiwandani. Mtawa mmoja mzee wa hospitali ya misheni, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia Salvina, kwa sababu Salvina ndiye mkunga aliyefundishwa pale, na wanawake wa Uru hawaji kupanga foleni mlangoni kwake wakizidiwa na uchungu, yeye ndiye huwafuata. Ilikuwa baiskeli ya kike. Mabomba yake mawili yalishuka pamoja kutoka shingoni hadi kwenye pedeli, yakaacha nafasi katikati, mwanamke apitishe mguu gauni lake likiwa limetulia, akae, aende zake. Akitaka kushuka anateleza mbele ya kiti na kusimama wima. Gurudumu la nyuma lilikuwa na wavu wa kuzuia gauni lisimezwe na spoku. Cheni ilifunikwa bati. Usukani ulikuwa mpana, umepinda kumrudia mwendeshaji, ili akae mgongo umenyooka na mkoba wake wa kazi uning'inie mbele. Yule aliyeitengeneza alikaa chini akafikiri. Tabu ni kwamba Primus naye alikuwa anafikiri.

Alianza na wavu. Wavu unashika matope, akasema, na kweli ulishika, akaung'oa. Juma lile lile spoku zikala pindo la gauni la Salvina mbele ya kanisa, watu wakitoka misani. Halafu bati la cheni: linamnyima kuona mafuta yamefika wapi. Likaenda. Halafu usukani. Ule mpana ulikuwa unakwaruzana na migomba kwenye kijia, kwa hiyo akautoa na kuweka mfupi ulionyooka, na tangu hapo Salvina akawa anaendesha ameinama kama anayetafuta sindano, uzito wote mikononi, na baiskeli ikigeuka ghafla akipiga chafya tu. Usukani ulipokwenda mbele, kiti kikaonekana kiko chini mno, kwa hiyo Primus akakipandisha. Kwa urefu wa miguu ya Primus, bila shaka. Nati ikashika kutu hapo hapo, na Salvina akawa anagusa ardhi kwa ncha ya kidole gumba.

Na kila mara ukimsikiliza, ana sababu. Hilo ndilo lililokuwa likimtoa Salvina roho. Angekuwa mpumbavu mtupu ungempigia kelele ukapumzika. Lakini Primus alikuwa akichuchumaa, akikuonyesha kwa kidole, na unaona kabisa kwamba ni kweli, gunia likikaa kwenye keria, baiskeli isiyo na bomba la juu inajinyonga kiunoni, gurudumu la nyuma linataka kwenda Kibosho na la mbele linataka kwenda mjini.

"Basi usiipakie magunia!" Salvina akamwambia siku ile ya bomba, kisu bado kimo mkononi. "Haikutengenezwa kubeba gunia. Imetengenezwa kunibeba mimi."

"Sasa itabeba vyote."

"Itanibeba vipi? Nipande vipi? Hebu niambie. Hili gauni nilipeleke wapi?"

Primus akaliangalia bomba, akaliangalia gauni. Ilikuwa wazi kwamba jambo hilo halikuwa limempitia kichwani kabisa, tangu nyumbani hadi mjini na tangu mjini hadi nyumbani.

"Utazoea," akasema.

Kesho yake Salvina akateremka mjini kwa miguu akiikokota baiskeli mpaka kwa Fikirini, fundi aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya soko. Fikirini alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu wa maneno, mwembamba, kofia kichwani na mafuta hadi kwenye viwiko. Alipomwona mama wa watu anakuja na baiskeli ile, akaanza kujitetea kabla ya salamu.

"Nilimwambia, mama! Wallahi nilimwambia. Baiskeli ni kitu kimoja, ukigusa hapa pananuna pale. Nikamwambia, bwana, hili bomba litafanya mbele pawe pazito, na mama atapandaje? Akaniambia, chomelea."

"Nawe ukachomelea."

"Mimi ni fundi, mama, si mshenga wa ndoa za watu. Mwenye mke kaja na mali yake."

"Mali yake?"

Fikirini akaliona kosa lake, akajitia kutafuta spana.

"Likate," Salvina akasema.

"Nikilikata sasa hivi, mama, sikuahidi kitu. Pale nilipochomelea chuma cha zamani kimekwisha kulegea kwa moto. Bomba ndilo linaloshika. Nikiliondoa, uko njiani unateremka, inaweza kukatika vipande viwili ukabaki na usukani mkononi."

Kwa hiyo lile bomba lililowekwa bila haja sasa lilikuwa linahitajika. Salvina aliisukuma baiskeli yake kupanda Uru yote bila kumsalimia mtu. Alipofika nyumbani alichukua kanga zake, akaenda kwa kaka yake, akakaa huko, akamwacha Primus ajipikie mwenyewe.

Si kwamba alikuwa mtu wa kununa. Angeweza kuvumilia yote haya kama isingekuwa Yuditha.

Yuditha alikuwa mdogo wake Primus, wifi yake Salvina, aliyeolewa na Kornel na kuhamia naye Mabogini, kule chini ya mji, ambako Kornel alipata shamba la mahindi na majaruba machache ya mpunga. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alifia njiani kwenye gari la ng'ombe, Kornel akikimbia kando yake na kupiga ng'ombe huku analia, na tangu siku ile Yuditha hakutaka kusikia habari ya gari wala hospitali. "Huyu nitamzaa wewe ukiwepo, wifi," alimwambia Salvina. "Usipokuwepo sizai." Alisema kwa mzaha, lakini aliposema alikuwa amemshika mkono na hamwachii. Na Salvina alipompapasa tumbo mara ya mwisho alikikuta kichwa cha mtoto juu, chini ya mbavu, na matako ndiyo yaliyotangulia. Mtoto wa namna hiyo anataka mtu anayejua. Salvina alipanga kwenda kukaa Mabogini mwezi utakapoandama, na kama siku zingewahi, basi alikuwa na baiskeli. Njia karibu yote ni ya kuteremka. Ndivyo alivyomwahidi.

Primus alilijua hilo. Alikuwa anampenda mdogo wake kupita kiasi. Ungemwuliza angekwambia bomba lile aliliweka kwa ajili ya Yuditha hasa, baiskeli isije ikavunjika siku ya kazi.

Siku ya tatu akaja kwa shemeji yake, amevaa koti, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja na mzee mmoja wa ukoo, ili mambo yawe mambo. Sasa hapo Salvina afanye nini? Uchaggani mtu akikujia na isale, hata awe amekuchomea nyumba, umekwisha. Jani halikataliwi. Ukilipokea umesamehe, na ukisamehe hurudii tena neno lile, maana kulirudia ni kumtukana mtu, na ukoo wake, na mzee aliyeshuhudia.

"Shikamoo baba," Salvina akamsalimu mzee, akalitazama jani. Akatamani kuuliza kama bomba nalo limekuja kuomba msamaha. Akalipokea shingo upande, akarudi nyumbani. Msamaha ukatolewa, bomba likabaki palepale, na sasa hata kulitaja ilikuwa mwiko. Primus akawa na furaha juma zima. Aliamini kwamba isale limekubaliwa na bomba limekubaliwa.

Salvina akawa anakwenda kwa waja wazito wake wa jirani kwa miguu, anajiambia mwezi hauko mbali, atateremka Mabogini mapema, taratibu, kwa miguu vilevile.

Basi uchungu haukungoja mwezi.

Ilikuwa siku ya soko. Jua limefika utosini, Primus amekwenda kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji, pamoja na wanaume wenzake, zamu ya ukoo wao, kule juu kwenye chanzo cha maji. Salvina alikuwa anaanika kahawa. Jirani yake Eliona akaingia uani anahema, kikapu bado kiko kichwani.

"Mama Filemon, nimekutana na mtu wa Mabogini sokoni. Bi Mwanajuma, jirani yao wifi yako, ndiye amemtuma. Yuditha ameshikwa tangu alfajiri. Anasema uje, anasema uje sasa hivi, maji yamekwisha kumwagika."

"Yelewi!" Salvina akasema, na ungo ukamtoka mkononi.

Tangu alfajiri. Na sasa ni mchana. Kwa miguu angefika jioni, na mtoto aliyetanguliza matako hamngojei mtu mpaka jioni. Akakimbilia ndani, akautwaa mkoba wake, akatoka, akaishika baiskeli. Akanyanyua mguu kwa mazoea yake ya zamani, akajigonga goti kwenye bomba. Akakunja gauni kiunoni, akajaribu kurusha mguu kwa nyuma kama wanaume. Gauni likafika katikati ya njia likakataa. Akajaribu tena. Eliona akamshikia baiskeli, wote wawili wakaanguka nayo kwenye kahawa.

Salvina alisimama, akaitazama baiskeli ile. Damu ilimchemka. Alimtukana Primus kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili, kisha akatafuta Kilatini kidogo alichokuwa nacho cha kanisani akaona hakifai. Halafu akarudi ndani.

Suruali ya kazi Primus alikuwa ameivaa. Ya pili ilikuwa mtoni, imelowekwa. Iliyobaki ni ile ya kaki ya Jumapili, iliyopigwa pasi, iliyokunjwa ndani ya sanduku pamoja na tai. Salvina aliivaa. Akaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba, akakunja miguu, akachomeka blauzi, akajifunga mkoba mgongoni kwa kanga kama mtoto.

"Mama Filemon," Eliona akasema kwa sauti ndogo. "Utapita na hiyo kanisani?"

"Nitapita na hii mbele ya Baba Askofu mwenyewe. Nishikie."

Na akapita. Uru yote ilimwona. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni waliacha njia na kushika vifua. Mzee mmoja alivua kofia kwa heshima, akaona ni mwanamke, akaona tena ni suruali, akaivaa kofia yake haraka na kugeukia migomba. "Shikamoo!" Salvina alimpigia kelele, na alikuwa keshapita. Nani alikuwa na nafasi ya kuona haya? Alikuwa na kazi ya kubaki hai. Zamani baiskeli ile mtu alikuwa akiiongoza kwa kidole. Sasa mbele palikuwa pazito, usukani mfupi unamng'ang'ania, kila jiwe linamtoa njiani na kumrudisha, na kiti kiko juu hata akitaka kupoza mwendo kwa mguu, mguu unapapasa hewani. Alibana breki mpaka mpira ukatoa harufu. Njia iliteremka tu, kona, daraja la mfongo, kona.

Kwenye daraja moja akakuta mbuzi. Si mbuzi mmoja, mbuzi wa mtu mzima mwenye mali, wamejaa daraja zima. Alibana breki zote mbili, na baiskeli ikasimama kweli. Zamani hapo angeteleza mbele ya kiti na kusimama kwa miguu yake miwili, akawasubiri wapite, akaendelea. Alitaka kuteleza. Mwili wake ulikuwa haujasahau. Bomba likampokea pale pale, likamzuia, baiskeli ikalala ubavu naye yumo ndani yake, na mkono wa kulia ukatangulia chini ya uzito wote.

Aliusikia ukilia. Alikaa kwenye vumbi, mbuzi wanamnusa, goti la suruali ya Jumapili limechanika, na kifundo cha mkono kinavimba akiangalia. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Huu ndio mkono. Mkono huu huu ndio unaoingia kumtafuta mtoto, unaoinua, unaopokea kichwa. Mwenye mbuzi akaja anaomba radhi, akamtazama vizuri, akaiona suruali, akarudi nyuma hatua moja. "Ninyanyulie baiskeli," Salvina akamwamrisha. "Nipandishe. Nisukume."

Mjini Moshi aliingia kwa mkono mmoja, anayumba barabara nzima. Fikirini alimwona akipita, akatoka mbio nje ya kibanda.

"Mama! Mama Filemon! Mkono huo!"

"Nyamaza, Fikirini. Shusha kiti."

"Lakini mkono..."

"Shusha kiti!"

Fikirini akachukua nyundo. Alipiga nati ile ya kutu nyundo tatu za nguvu, ikakatika, kiti kikashuka. Aliufunga mkono wa Salvina kwa kipande cha ubao na utepe wa mpira wa ndani ya tairi, akamsukuma mpaka baiskeli ikashika mwendo. Kuanzia hapo hadi Mabogini ni tambarare. Miguu ilifika chini. Salvina alikanyaga pedeli huku akisali, na katikati ya kila Salamu Maria akawa anamchomekea Primus neno.

Aliwasikia kabla hajafika. Kornel alikuwa nje, anazunguka nyumba, anazunguka tu, ameshika jembe bila kujua. Ndani Bi Mwanajuma, mama wa makamo, mwenye roho nzuri na mikono ya nguvu, alikuwa amepiga magoti miguuni kwa Yuditha, na matako ya mtoto yalikuwa yamekwisha kuonekana.

"Alhamdulillahi umefika, mwanangu! Namvuta, haji!"

"Usivute!" Salvina akapiga kelele, hata Kornel huko nje akasimama. "Bi Mwanajuma, shikamoo, nakuomba, toa mkono. Usimguse."

"Atakwama!"

"Ukivuta ndipo atakapoinua mikono na kukwama. Mwache. Anakuja mwenyewe."

Yuditha akageuza kichwa. Uso ulikuwa umemwiva, midomo imekauka. "Wifi," akasema. "Umevaa nini?"

"Suruali ya kaka yako. Sukuma."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu, nayo ilikuwa kazi ya kutofanya. Mkono wa Salvina ulikuwa umevimba, vidole havikunji. Alikaa bega kwa bega na Bi Mwanajuma, akamwazima mikono. Weka hapa. Sasa ondoa. Ngoja. Kitambaa cha joto, kifunike hapo, basi. Ngoja. Bi Mwanajuma alikuwa anatokwa jasho, mikono inamwasha, kila dakika anataka kushika kitu, na kila dakika Salvina anamwambia bado. Matako yakatoka, miguu ikajifungua yenyewe, mgongo ukaja. Mtoto akaning'inia pale nusu ameshaingia duniani, na wanawake wawili wazima wamekaa wanamtazama. Kuna jambo gani gumu kuliko hilo? "Bado," Salvina akasema, ingawa naye alikuwa anataka kumvuta. "Bado, bado. Sasa. Mlaze juu ya mkono wako. Kidole mdomoni mwake, polepole, kiinamishe kidevu. Usivute. Mnyanyue. Mnyanyue tu."

Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa wa bluu, hakulia. Kornel alikuwa ameweka sikio kwenye ukuta wa nje. Mle ndani walisikia pumzi za Kornel. Salvina akamfuta mtoto mdomo kwa kidole cha mkono wa kushoto, akamsugua mgongo, akampulizia uso. Akamsugua tena.

Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Alikuwa wa kike. Nje jembe likaanguka.

Primus alifika jua linazama. Alikuwa amekimbia tangu Uru, kwa miguu, matope ya mfongo bado yamemkaukia magotini, na njia nzima watu walikuwa wamemweleza habari za mke wake, kila mmoja akitia chumvi yake. Alipoingia uani alikuwa ametayarisha maneno.

"Suruali yangu ya kanisani, Mama Filemon! Uru nzima..."

Akauona mkono wa mkewe, umefungwa kwenye ubao. Akaliona goti la suruali lililochanika. Akasikia sauti ndani ya nyumba, sauti ndogo, kali, inayodai maziwa, akasimama mdomo wazi.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Wote wawili."

Primus akageuka, akaelekea ukutani, akawapa mgongo. Mabega yalikuwa yanamcheza. Salvina alikuwa na maneno yake mengi ya kumwambia, akayaacha. Ukutani pale ndipo ilipokuwa imeegemezwa baiskeli, usukani umepinda, taya moja ya breki inaning'inia. Primus akajifuta uso. Akachuchumaa. Akaushika usukani, akaugeuza kidogo, akachungulia pale bomba lilipoungana na shingo.

"Ndiyo iliyokuangusha," akasema. "Hili bomba ndilo."

"Ndilo."

"Nitalikata. Nisamehe, mke wangu. Kesho nampelekea Fikirini alikate." Kidole chake kikaanza kutembea juu ya chuma. "Ila kwa kuwa pale palilegea kwa moto, atatia kipande cha pembeni hapa, chembamba, kishuke hivi. Halafu uma wa mbele tunaukunja kidogo, mbele pawe pepesi, na kiti..." Na mkono wa pili ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni, ukatoka na spana.

Salvina alimtazama. Alichoka. Alichoka kutoka kwenye mifupa, na hata hivyo kicheko kilikuwa kinampanda kooni pamoja na machozi, hakijui kitokee wapi. Aliingia ndani, akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akatoka naye kwenye mkono wake mmoja mzima.

"Primus," akasema. Hakumwita Baba Filemon. "Weka spana chini. Kaa."

Primus akakaa kwenye kigoda cha Kornel. Salvina akamlaza mtoto mikononi mwake, ile mikono mikubwa yenye mafuta na matope, na Primus akamkodolea macho kana kwamba amepewa yai la tai.

"Nimshikeje? Kichwa chake kimekaa upande, ngoja nimweke..."

"Usimweke."

"Na hii kanga imembana hapa, ukiifungua kidogo..."

"Primus! Usimfanye kitu. Hana ubovu wowote. Mshike tu."

Akaacha. Mtoto akapiga miayo, akalala. Yuditha, kitandani, alikuwa anawatazama kupitia mlango ulio wazi, na Bi Mwanajuma akawasha moto wa kumchemshia uji. Primus alikaa kwenye kigoda kile viwiko vimemganda, hajui avute pumzi au asivute, na nzi alipomtua puani alimwacha.